Mikono jikoni Ghubra, moyo Bukoba

Ijumaa asubuhi, jiko la Bi Shaikha huko Ghubra, Muscat, limejaa moshi. Evodia, mfanyakazi wake wa ndani, anageuza nyanya za kijani kwenye kikaango kikavu, pamoja na pilipili mbichi, kitunguu na punje za saumu. Mafuta hatii hata tone. Anataka maganda yaungue, yapate madoa meusi.

"Ukiogopa kuziunguza utakula majani," anasema.

Vyote vinaingia kinuni, vinatwangwa na chumvi, giligilani na ndimu. Hiyo ndiyo salsa ya kijani ya Meksiko. Bi Shaikha, mzaliwa wa Unguja, huiita chatne na huila kwa nguru wa kukaanga kutoka Qurayyat. Binti yake, Balqis, huimwaga juu ya mayai, au huchovya humo vipande vya mkate wa khubz vilivyokaangwa vikakauka.

Balqis ndiye aliyeleta mbegu za nyanya hizo aliporudi kutoka masomoni Marekani, akazipanda uani. Evodia alipoona matunda yamejifunika maganda kama karatasi, moyo ulimruka. Kwao Bukoba yapo yanayofanana nayo, ntuntunu, ambayo watoto huyachuma vichakani yakishaiva manjano.

Basi akayachuma, akayapanga dirishani yaive. Kila Balqis alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Bado mabichi, dada." Wageni walioalikwa kuonja salsa walipofika, yalikuwa manjano na matamu, na salsa ikatoka kama jamu.

"Wote walicheka. Mimi nilitamani kulia," Evodia anakumbuka. "Nilikuwa namwivishia Pelagia, na Pelagia hayupo."

Pelagia ni mwanawe wa pekee. Alimwachia bibi yake mtoto hajajua kusema sawasawa. Leo yuko darasa la tatu. Mshahara wa Muscat umemsomesha na kuwajengea nyumba ya bati. Nyumba, hata hivyo, haimwiti mtu mama.

Mwaka jana Evodia alifunga mizigo arudi kwao, Bi Shaikha akamwomba abaki mpaka Ramadhani ipite, akabaki. Tangu hapo mtoto akipewa simu humwamkia kama anavyomwamkia mwalimu, "Shikamoo," halafu humrudishia bibi.

Hapo Evodia anafuta kinu ambacho ameshakifuta.

Wiki hii amemwambia Bi Shaikha kwamba mkataba ukiisha Desemba, hataongeza mwingine.

"Nlinuna, nnakiri," anasema Bi Shaikha. "Nani atantwangia chatne yangu? Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nshamwambia aende, wala asirudi nyuma kwa ajili yangu."

Evodia anataka kufungua mgahawa mdogo karibu na soko la Bukoba, auze sato wa kukaanga na salsa yake. Wateja hawamtii hofu; ameshalisha wagumu zaidi yao. Hofu yake ni mlango wa nyumbani, na mtoto atakayesimama nyuma ya gauni la bibi akimtazama kama mgeni.

Siku hiyo ameiwaza mara nyingi akiosha vyombo vya watu. Hatamkimbilia kumkumbatia, anasema, maana atamwogopesha.

"Nitaingia jikoni moja kwa moja, niwashe moto, nipike. Mtoto akishikwa na njaa atakuja mwenyewe kuchungulia. Ataniuliza, 'Wewe ni nani?' Nitampakulia kwanza, ndipo nimwambie."