Siku Niliyomwacha Madam Kilimani

Unywele uliokutwa kwenye sahani ya sir ulikuwa mrefu, laini, umenyooka kama uzi wa cherehani. Nywele zangu mimi ni kipilipili, na siku hiyo zilikuwa zimesukwa zikabana mpaka kisogoni. Mwenye macho angejua ule ni wa nani. Lakini madam alichukua mkasi wa jikoni, akanikalisha kwenye kigoda, akaikata misuko yangu mmoja mmoja mpaka kichwa kikabaki mabaka mabaka, kama cha mtoto mwenye mapunye. Misuko ile alinisuka dada yangu kule Tanga, siku chache kabla sijapanda ndege kuja Dubai kufanya kazi za ndani.

"Kuanzia leo usiniguse," madam akasema. "Hiyo mikono yako iishie kwenye masufuria."

Pasipoti yangu ilikuwa kabatini mwake, na kafeel wangu, mwenye dhamana ya viza, alikuwa sir, mume wake. Nilifunga kitambaa kichwani, nikaosha vyombo. Neno lile nikaliweka moyoni.

Ijumaa moja ya majira ya baridi, sir alitupeleka Hatta, mji mkongwe ulioko milimani, karibu na mpaka wa Oman. Sikuwa nimeona mlima tangu nifike. Palikuwa na nyumba za udongo na makuti, mitende chini, na juu ya kilima mnara wa mawe ambao zamani walinzi walikaa wakitazama adui anatokea wapi. Sir alimchukua mtoto wao wakaenda kuangalia mfereji wa maji. Madam akataka kupigwa picha juu mnarani.

"Yalla, beba vitu," akaniambia.

Nikabeba kapu la chakula, mkoba wake na kamera. Kupanda alipanda vizuri, na viatu vyake vya kisigino, akinihimiza njiani. Nikampiga picha za kutosha. Shida ilianza alipogeuka kushuka. Ngazi zilikuwa nyembamba, hazina pa kushika, na upande mmoja kilima kilikatika moja kwa moja hadi kwenye mawe. Aliangalia chini mara moja tu. Akakaa chini, mgongo ameubandika kwenye ukuta wa mnara.

"Nipe mkono," akasema.

Nilimtazama.

"Madam ulisema nisikuguse."

"Acha ujinga! Nipe mkono!"

Nikatoa chupa ya maji kapuni, nikaiweka karibu yake, mahali anapoifikia. Sikutaka afe, nilitaka aogope. Kisha nikashuka, na mkoba wake begani, simu yake ndani. Alikuwa akiniita kwa sauti, halafu kwa kilio, halafu, kwa mara ya kwanza, akaongeza neno tafadhali. Sikugeuka.

Chini nilikaa kivulini, nikafungua kapu. Nikala zabibu zake, moja moja, na zile sandwichi za kuku alizonikataza hata kuzionja.

Mlinzi wa pale alikuja. Nilijua ni Mkenya kabla hajamaliza sentensi.

"Sista, yule mama analia huko juu ni wenu?"

"Ni madam wangu."

"Na mbona umemwacha?"

Nikafungua kitambaa, nikamwonyesha kichwa changu. "Kanikata yeye, kisa unywele wake mwenyewe."

Alikiangalia kwa muda mrefu, akatazama juu kilimani, kisha akaketi karibu yangu. "Basi mimi bado niko mapumziko ya chai," akasema. Nikamkaribisha zabibu.

Sir aliporudi na mtoto, aliniuliza madam yuko wapi. "Yuko juu anatazama milima, sir," nikajibu. Naye akakaa, akala bila wasiwasi, mpaka upepo ulipogeuka tukasikia sauti ya madam. Mlinzi na sir walipanda wakamleta. Alishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, gauni limechanika, uso umevimba kwa kulia. Watalii walikuwa wamesimama chini wanaangalia, na mmoja akapiga picha. Ile picha ningeilipia.

Garini madam alipasuka. "Aliniacha! Aliniacha makusudi!"

Sir akanitazama kwenye kioo. "Ni kweli?"

"Alinikataza nisimguse, sir. Siku ile aliponikata nywele."

Sir hakujua kuhusu nywele. Alikuwa akidhani kitambaa ni mambo ya dini yangu. Akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa lugha yao, na madam akaangalia dirishani mpaka taa za mji zikaonekana.

Kabla mwezi haujaisha walinirudisha kwa wakala aliyeniletea kazi. Niliogopa nitapandishwa ndege, lakini nilipata kafeel mwingine, nikafanya usafi kwenye kliniki moja mtaa wa Oud Metha, nikalala bwenini na wanawake wenzangu. Nilipowasimulia habari hii walicheka mpaka wakagonga kuta. Mmoja tu, mlokole, hakucheka. Alinishika mkono akaniambia nimwombe Mungu anitoe kinyongo.

Nikamwambia aniombee yeye. Mimi bado sijakichoka.