Kiitikio cha Jandoni katika Albamu ya Dercio

Albamu ya kwanza ya Dercio, mwimbaji wa dancehall kutoka Kilambo, ilimpatia jina hadi Dar es Salaam. Lakini wimbo uliopendwa kuliko zote ulibeba kiitikio alichofundishwa jandoni, ambacho asiyepita huko haruhusiwi kukisikia. Alipoitwa na mjomba wake Lourenco, kungwi wa jando, alikwenda nyumbani kwake siku hiyohiyo.

“Karibu, supastaa! Siri yetu siku hizi hata kuku wa Nanyamba wanaicheza.”

“Nisamehe, mjomba. Je, mwanangu utampokea jandoni mwaka huu?”

“Aje kufundishwa nini, nawe umekwisha kuwafundisha wote?”

Hapohapo Dercio alimpigia simu mtayarishaji wake, akamwamuru auondoe wimbo ule katika albamu. Mjomba alisogea kidogo mkekani, akampisha aketi.