Habari ya Mguu wa Serikali

Juzi, katika ofisi ya serikali inayohudumia walioumia kazini, nilikaa benchi moja na kuli wa Temeke. Winchi ya bandarini ilimkata mguu, serikali ikampa wa mti.

"Mfupi huu," alininong'oneza, akinionyesha kigutu kilichochubuka. "Leo lazima wanibadilishie. Ni haki yangu."

Alipoitwa alivua kofia, akachechemea hadi kaunta. Bwana mkubwa wa Kizungu, anayejivunia Kiswahili chake, akamuuliza, "Habari ya mguu?"

"Nzuri, bwana, ila..."

"Vizuri sana!" Muhuri ukagonga. "Mwingine!"

"Bwana, mie nilitaka..."

"Umesema nzuri." Tarishi akamshika kiwiko, akamtoa.

Jamani, nani kati yetu angejibu vingine? Hata msibani tunaanza na nzuri, ndipo tunataja maiti. Wametuandikia sheria ya kubadilishiwa kifaa kibovu, kisha wakamweka kaunta mtu asiyengoja sentensi iishe.

Nilipotoka nilimkuta ameketi ngazini, mguu wa mti kando, damu ikimchuruzika kigutuni.

"Habari, ndugu yangu?"

"Nzuri," akasema.

Nikangoja ile "ila". Haikuja.