Tamthilia Tuliyoipa Majina ya Wakwe

Nimeomba msamaha Katesh kwa wakwe, nimetubu kanisani, lakini uso bado unawaka moto nikikumbuka, na mimi hapa Dongobesh ndiye ninayejulikana kwa kukemea wanawake wanaosengenya, kwa hiyo chekeni tu, najua mtacheka.

Mume wangu, Mzee Tluway, macho yalimwishia mwaka juzi (presha ya macho, hospitali walituambia tumechelewa). Kulima aliacha bila kulalamika. Kilichomuuma ni televisheni. Watu wanacheka, yeye anauliza, "Kuna nini?" kila mtu anamwambia subiri, mpaka akawa anachukua kigoda chake anaenda kukaa na ng'ombe, maana ng'ombe, alisema, hawamfichi kitu.

Wakati huo binti yetu Veronika alikuwa amerudi kwetu na mtoto mgongoni, amegombana na mama mkwe wake, Mama Emanueli wa Katesh. Veronika ndiye aliyesikia kwamba zipo filamu za wasioona, ndani yake kuna sauti inayoeleza kila kinachoonekana, sasa mtu amefungua mlango, sasa analia. Akatafuta kwenye simu siku tatu, akapata moja, ya Kiingereza. Mzee akasikiliza kidogo akasema, "Sasa mmenipofusha na masikio." Ya Kiswahili Veronika alitafuta, hakuipata.

Nikasema basi, sauti hiyo nitakuwa mimi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo na mdomo ninao.

Ilikuwa tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa, wanaongea Kiswahili ila majina yao yanavunja ulimi, na Mzee akawa anawachanganya, huyu nani, yule nani. Nikaona nimpe sura anazozijua tangu alipokuwa anaona. Yule anayetembea ametanguliza tumbo nikamwita Fundi Bura, jirani yetu wa cherehani. Na yule mama tajiri wa midomo ya kubana, anayemtilia mke wa mwanawe sumu kwenye chai kidogo kidogo (tulikuwa na hasira jamani, binti yetu alikuwa analia kila siku), nikamwita Mama Emanueli. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tukaenda hivyo miezi miwili, akarudi kukaa na watu, na mimi nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Ndipo wakwe wakatuita tuyamalize. Tulikwenda wote watatu na mtoto, wazee wakaongea tangu asubuhi, na Mama Emanueli mwenyewe akasimama akasema, "Nilimtukana binti yenu, nimekosa, naomba arudi nyumbani kwake." Veronika akalia, begi lake likaingizwa chumbani, mtoto akachukuliwa na wifi wa Veronika. Imebaki chai tu, tuondoke.

Mtu akawasha televisheni. Tamthilia ile ile! Mzee aliposikia muziki wake akanyoosha shingo.

"Wameanza. Mama Vero, sema."

"Siyo leo, baba."

Nikaona uso wake unashuka, vile vile kama zamani, mbele ya watu wote. Nikalegea. Nikamnong'oneza, "Yule mama anapika chai." Ni hilo tu nililosema.

Lakini mtu asiyeona hajui nani yuko karibu, naye televisheni ikipiga kelele huongea kwa sauti ya zizini.

"Nani? Mama Emanueli?"

"Abee, mkwe," akaitika mwenyewe, amesimama na chupa ya chai mkononi.

Mzee hakumsikia. "Anatia sumu tena? Mwanamke mbaya huyu! Huyo binti si akimbilie kwao?"

Nikamfinya goti.

"Unanifinyia nini? Si wewe uliyesema ni yule yule, hata midomo?"

Jamani. Televisheni ikazimwa. Nikaanza kueleza, ni majina tu, ni kwa ajili ya macho yake, hatukuwa na maana mbaya, na kila nikieleza nazidi kuzama, mpaka nikajisikia nikisema sumu yenyewe ni kidogo tu. Baba Emanueli akasimama akaenda mlangoni. Wifi akaja, akamrudisha mtoto mapajani kwa Veronika. Ndoa ya mwanangu nimeivunja kwa mdomo huu.

Mama Emanueli akamimina kikombe cha Mzee. Akakinywa yeye, mafunda mawili, tukimwangalia. Kisha akakiweka mkononi mwa Mzee na kumfumba vidole.

"Kunywa, mkwe. Ukisikia nimeanguka, usimalize."

Mzee akanywa chote. "Nimekosa, mkwe," akasema. "Chai ni nzuri."

"Binti abaki," akasema Mama Emanueli. "Mimi nilimtukana hapa, ninyi mmenitukana kwenu, tumelipana." Kisha akanigeukia. "Ila wewe, mama, mzee hana macho mengine zaidi ya yako. Mwambie unachokiona. Chuki zako baki nazo."

Mimi, mkemeaji wa Dongobesh, nilisema asante, nikaangalia sakafu.

Siku hizi nikimweleza nasema mwenye gauni la kijani, mwenye kofia, mwenye kovu. Mzee analalamika kwamba haina ladha. Ikose! Jina la mtu aliye hai halitoki tena mdomoni mwangu mbele ya televisheni, hata akinibembeleza mpaka asubuhi.