Gauni la Beryl na Beseni la Chai

Mwaka wa tano wa vita, wanawake wa London walikuwa wakigeuza kola za mashati ya waume zao ili zidumu kidogo zaidi. Mabel Tapsell yeye alishinda akiwashonea mabibi wakubwa waliokwisha kuoza makaburini miaka mia iliyopita. Alikuwa fundi wa mavazi katika studio ya filamu, mjane mwenye miguu mibovu na mikono ya dhahabu. Kitambaa kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo gauni la dansi la binti wa kabaila lilikatwa kutoka mapazia ya hoteli iliyopigwa bomu, na manyoya ya kofia yalitoka ndani ya mto.

Filamu ya msimu ule ilitolewa kwenye riwaya ambayo kila mwanamke wa mtaa wao alikuwa ameiazima maktaba. Binti maskini anaolewa na bwana mkubwa katili, anampenda jambazi wa barabarani, na mwisho wanakufa wote isipokuwa farasi. Wajuzi wa magazetini walisema hadithi za namna hiyo ni upuuzi. Waseme watakavyo. Mabel aliisoma mara tatu akalia mara tatu, na msichana aliyeshinda kiwandani akijaza baruti haendi kusimama foleni kwenye mvua ili akaone busara.

Sasa, mbele ya kamera cheupe halisi hakifai. Taa zile hukifanya king'ae hadi uso wa mwigizaji unapotea. Basi kila cheupe, iwe leso, shuka au shela, kilichovywa kwanza kwenye chai hadi kikawa rangi ya biskuti, na kwenye filamu kikatokea cheupe kama maziwa. Chai nayo ilikuwa ya mgawo, kwa hiyo walichemsha upya majani yaliyokwisha kutumika kantini. Mabel alikuwa amechovya nguo miaka mingi, na mikono yake haikumwomba tena ruhusa.

Mwanawe wa pekee, Beryl, alikuwa mmoja wa hao wasichana wa baruti. Jumamosi angeolewa na Cyril Gathercole, baharia wa meli za kusindikiza misafara, ikiwa meli yake ingerudi salama. Maharusi wengi mwaka ule waliolewa wakiwa na koti na sketi, wala hakuna aliyewacheka. Lakini mama yake Cyril, Bi Gathercole wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, ulimi wake ulikuwa hauna breki. Alikuwa amewaambia wenzake kanisani kwamba wasichana wa viwandani, na suruali zao na dansi zao za wanajeshi, asiyevaa cheupe siku ya harusi ana sababu yake, maana cheupe ni cha bikira. Maneno yakamfikia Beryl. Akasema atavaa cheupe au haolewi.

Mabel akatoa sandukuni gauni la hariri la marehemu mama yake, jeupe pe, lililosalimika na nondo walao nguo na mabomu. Mkuu wa mavazi, Bi Lomax, akamruhusu alipunguze kiuno kwa cherehani ya studio saa ya chakula. Alhamisi likawa tayari, likalazwa mezani kando ya gauni la harusi la filamu, ambalo lilikuwa likingoja beseni.

Bi Lomax akapaza sauti kwamba chai iko tayari. Mabel, mawazo yake yote yakiwa kwenye meli ya Cyril, akabeba gauni, akalizamisha, akalikoroga kwa fimbo. Alipolinyanyua ndipo alipoona kwenye kola mishono midogo ya mama yake.

Mazoea yana tabu. Alisuuza, akapiga sabuni, akajaribu siki. Wapi! Bi Lomax akamfariji kwamba rangi imekolea vizuri kuliko siku zote, na Mabel nusura amrushie pasi.

Akarudi nyumbani na kifurushi cha karatasi ya kaki, njia nzima akipanga maneno. Kufungua mlango wa jikoni, Beryl ameketi na Bi Gathercole, ambaye alileta zabibu kavu za keki, na bila shaka alitaka pia kulikagua gauni. Mabel akasimama mlangoni. Midomo ikamtetemeka, maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia.

Mtaa ule, mwaka ule, uso wa namna hiyo mlangoni ulikuwa na maana moja tu. Beryl akashika ukingo wa meza. Bi Gathercole alisimama polepole, zabibu zikamwagika sakafuni.

"Ni Cyril," alisema. "Wamekupa telegramu wewe, kwa sababu mimi sikuwepo nyumbani. Sema, Mabel. Usinifiche."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake la kwanza.

"Hapana, hapana! Si Cyril. Ni gauni. Nimelichovya kwenye chai."

Bi Gathercole akamkodolea macho.

"Kwenye nini?"

"Chai. Nilidhani ni la filamu."

Bi Gathercole akarudi kitini kama gunia. Akalia, kisha akacheka, kisha akafanya vyote kwa pamoja, na Beryl akamwangukia shingoni.

"Chai," alisema akijifuta kwa aproni. "Chai tu. Mwanangu, hata ungevaa gunia la makaa, bora yeye yupo."

Cyril alifika Ijumaa, amekonda, amevimba jino, mzima. Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika mbona bibi harusi hakuvaa cheupe. Bi Gathercole akageuka.

"Wewe ngoja picha," alimwambia.

Kwenye picha gauni lilitoka jeupe pe, naye akaitundika sebuleni kwake mahali ambapo kila mgeni lazima aione.

Filamu ilipofika mtaani, Cyril alikuwa amerudi baharini. Wale wanawake watatu walikwenda pamoja, wakakaa safu moja. Bibi harusi wa bwana katili akatokea kwenye kioo, gauni likimeremeta kama theluji. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Bi Gathercole akamgusa Mabel kwa kiwiko.

"Chai?" alinong'ona.

"Chai."

"Basi na huyo naye mume wake atarudi, kama Cyril wetu," alisema Bi Gathercole, akamshika mkono, hakuuachia mpaka taa zilipowashwa.