Balinimwangia poudre ya diplôme, kumbe nilianguka

Admin, tafazali ficha jina yangu na avenue yangu, ju bantu ba kwetu banasoma hii page asubui na mangaribi. Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na saba, niko na bwana na batoto batatu, nashona manguo mu Kamalondo, huku Lubumbashi. Bengi banatumaka hapa habari ya barafiki babaya. Bangu balikuwa bazuri, na ule uzuri njo unanimaliza.

Niliacha masomo mu mwaka wa tano ya secondaire, na mimba ya mutoto wa kwanza. Baba yangu, aliyekuwa anatumika ku chemin de fer, ku treni, hakunitukana. Alikunja uniforme yangu, akaiweka mu malle yake, sanduku ya chuma, na alikufa ingali mule. Tangu ile siku nilikuwa nataka kitu moja tu: diplôme d'État, ile ya kumaliza secondaire. Lakini sikuambia muntu. Kama bantu banaongea mambo ya masomo, miye njo nilikuwa nacheka sana, ili basiniulize.

Siku moja nilikuwa napimisha fille moja, binti mudogo, robe yake ya fête ya diplôme, mara machozi ikatoka. Rafiki yangu alikuwa pale. Nimuite Yaya Rosa, haiko jina yake. Anauzisha bitenge pembeni ya atelier yangu ya kushona, ananipita miaka ine. Fille alipoenda, nilimuambia yote. Sikuzani atanipokea vile. Alisema: "Kuanzia leo ile diplôme haiko yako peke yako. Iko yetu."

Aliambia bamama bengine babili ba chorale yetu ya kanisa, na kila mumoja alichukua kazi yake. Mumoja alichunga mutoto wangu mudogo kila kisha midi, mpaka mangaribi. Mwengine alitafuta maulizo ya examen ya miaka ya nyuma. Yaya Rosa alikaa pa mashini yangu, akashona mapindo mabaya kabisa, nilikuwa nafumua kwa kujificha. Na yeye, aliyeacha masomo mu mwaka wa ine, alishika kitabu na kuniuliza kwa Français, hata pale hakusikia maana. Kama nilisema nimechoka, alifunga mulango ya atelier, akakalia ufunguo. Siku ya examen nilikaa kati ya batoto, banazani niko musimamizi, banasema "mama, utupatie stylo". Nilijiona sawa mujinga, lakini niliandika mpaka mwisho.

Sasa musikilize kosa yangu. Matokeo ilifika ku telefone, kisha midi, niko peke yangu. Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimeanguka. Nilianza kulia, na pale pale Yaya Rosa akasimama pa mulango. Aliona telefone mu mukono, aliona machozi. Hakuuliza. Munajua desturi yetu huku, muntu akipita examen banamumwangia poudre, ile unga nyeupe ya batoto, ku kichwa. Yeye alikuwa anatembea na boîte, kopo ya ile poudre, mu saki yake tangu juma nzima. Mbele nifungue kinywa, poudre ilikuwa imeingia mpaka mu macho, na yeye mwenyewe analia kunipita.

Bale bamama bengine balikuja, bakanikokota mu avenue na mwimbo, motokari zinapiga honi. Nilijisemea nitabaambia tukifika pa kona. Pa kona nilikuta mama yangu. Aliingiza vidole mu nywele yangu nyeupe, akasema: "Baba yako angekuwa hapa." Basi, nani angeweza kusema? Niliendelea kutembea mu mwimbo yao. Mpaka leo sijatamka neno "nimepita". Najifariji na ile, lakini najua ni bongo, uongo mutupu.

Bwana yangu tu njo anajua. Anasema ninyamaze, bantu banasahauaka. Karatasi ya diplôme inakawiaka kutoka, kwa hiyo hakuna aliyeniomba kuiona. Mipango yangu ilikuwa kujiandikisha tena, kimya, ku Kipushi, muji wa pembeni, kwenye hakuna anayenijua. Nikipita kweli, bongo itakufa yenyewe.

Kiisha, siku moja ya mungu, tukitoka ku misa, Yaya Rosa alinivuta pembeni. Alisema: "Miye pia nataka. Kama weye na mashini na batoto ulipita, miye nashindwa na nini?" Akaongeza kwamba atajiandikisha ku Kipushi, kwenye anaendaka kuchukua bitenge, ju anaogopa haya ya kuanguka mbele ya bantu ba Lubumbashi. "Weye haukuogopa," akasema. Nilimukumbatia ili asione uso yangu.

Sasa amepunguza biashara, anakuja kila mangaribi na cahier yake. Ananiita mwalimu. Namufundisha ile yote iliyoniangusha miye. Akili anayo, kunipita. Hesabu anakamata mbio, na akikwama anasema atajikaza sawa miye.

Niko katikati. Nikijiandikisha ku Kipushi, ataniona mu salle ya examen. Nikiacha, ile uniforme ya baba itabakia mu malle na maisha yangu iishe vile. Na nikimuambia ukweli leo, naogopa atafunga bitabu, ju moyo yote aliyonayo ameitoa ku ile siku ya poudre. Nikinyamaza, anaendelea kusimama juu ya kitu kisichokuwa. Alinipa mikono yake, wakati yake, hata aibu yake hakuificha kwangu. Miye nimemurudishia bongo.

Juma iliyopita aliweka boîte mupya ya poudre ku étagère, juu ya mashini yangu. Alisema: "Uchunge. Njo weye utanimwangia." Kila nikitoa macho ku uzi, naiona. Liste ya kujiandikisha ya Kipushi itafungwa mwisho wa mwezi.

Munishauri, ndugu zangu. Nimuambie sasa, ao nimuache apite kwanza? Musiogope kunitukana, miye mwenyewe najitukana kila siku. Muniambie tu nifanye nini.