Dumu la mawese chini ya kitanda

Juzi hospitalini Mpanda nilikaa benchi moja na mama mmoja wa kijiji cha Mamba na wifi yake. Mama alivaa sweta juani, cheti cha vipimo mkononi. Mafuta kwenye damu yamepanda tena.

"Unalamba mawese kwa siri, wifi!" wifi yake akamkaripia.

"Dumu si unalilalia wewe? Mimi nakula matembele ya kuchemsha, na moyo bado utanisimama."

Daktari akaja pale benchini, akampapasa mama shingo, akauliza habari za baridi na uchovu.

"Labda tezi ya shingo imezembea. Ikizembea, mafuta hubaki kwenye damu hata usipoyala. Tutapima. Dawa ipo."

Wifi akavua kitenge, akamfunika mgonjwa mabega. Majibu wiki ijayo.

Nami nilishaandaa umbea wa mwizi wa mawese. Nimeumeza, bado umenikwama kooni.